MJADALA: Jina Acacia lilipaswa kubaki kwa mgunga au kwenda Australia?

Wadau, msimamo wangu nausema mapema: vinasaba havikukosea, kura ya wanabotania ndiyo iliyokosea.

Kwa asiyekijua kisa: mgunga mwavuli wa Serengeti, mgunga wa gome la manjano wa Naivasha, hata ule mfupi wenye vinundu wanamoishi sisimizi, yote iliitwa Acacia kwenye vitabu vya botania. Vitabu vya sasa vinaandika Vachellia tortilis, Vachellia xanthophloea, Vachellia drepanolobium. Kikwata kinachotoa gamu arabika kimekuwa Senegalia senegal.

Chanzo ni kipimo cha vinasaba. Wanabotania walisoma jeni za kloroplasti (chembe za kijani zilizomo ndani ya majani), kama ile iitwayo matK, wakalinganisha mti na mti, herufi kwa herufi za msimbo wa vinasaba. Miti iliyoachana juzi hutofautiana herufi chache, iliyoachana zamani hutofautiana nyingi. Ikaonekana kwamba zile spishi zaidi ya 1,300 zilizorundikwa ndani ya Acacia hazikuwa ukoo mmoja. Zile za Australia, karibu 1,000, zina udugu wa karibu zaidi na kundi la akina mkenge kuliko na mgunga. Na hata hapa kwetu kuna koo mbili: Vachellia, yenye miiba inayoota miwili miwili na maua ya duara kama kishada kidogo, na Senegalia, ambayo kwa kawaida ina miiba ya ndoano na maua marefu kama mkia. Mchunga mbuzi anaijua miiba hiyo: mmoja unachoma, mwingine unashika nguo. Lakini mgunga mwavuli una ya namna zote mbili, iliyonyooka na iliyopinda, ndiyo maana macho peke yake yasingemaliza ubishi. Hapo vinasaba vimetusaidia sana na sina neno.

Neno langu ni juu ya jina. Kanuni ya botania ni kwamba jenasi (kundi la spishi zenye jina moja la kwanza, kama Acacia) ikigawanywa, jina hubaki na spishi ya mfano, yaani ile iliyoteuliwa kuliwakilisha jina. Mfano wa Acacia ulikuwa mgunga wa Mto Nile, Acacia nilotica. Mwanabotania Mwingereza Philip Miller alilichapisha jina Acacia mwaka 1754, na karne nyingi kabla yake Wagiriki waliuita mti wa miiba wa Misri akakia. Mwaka 2003 likaletwa pendekezo kutoka Australia kwamba mfano ubadilishwe, uwe mti wa kwao, Acacia penninervis. Kwenye mkutano wa kimataifa wa wanabotania huko Vienna mwaka 2005, karibu asilimia 55 ya kura zililikataa. Likapita! Utaratibu ulidai asilimia 60 ili kuangusha pendekezo lililokwisha kuungwa mkono na kamati. Mwaka 2011 mkutano ulifanyika Melbourne, Australia kwenyewe, na uamuzi ukathibitishwa.

Wanaoutetea wana hoja nzito: jina lingebaki kwetu, spishi karibu 1,000 za Australia zingebadilishwa majina, hata kwenye hifadhi za mimea, maduka ya mbegu na sheria zao. Naielewa. Lakini tukikubali kwamba mwenye spishi nyingi ndiye mwenye jina, kanuni ya mfano ina kazi gani? Iliwekwa ili jina lisiende kwa mwenye wingi.

Kinachoniuma zaidi kiko Njombe. Miwati iliyoletwa kutoka Australia kwa ajili ya magome ya kutengenezea ngozi, Acacia mearnsii, inaitwa Acacia kihalali kabisa kwenye ardhi ya Tanzania. Mgunga ulioota hapa kabla ya mtu yeyote kuandika jina lolote hauitwi hivyo.

Wapo wanaosema tugome, tuendelee kuandika Acacia. Hapo nawapinga. Mwanafunzi wa Sokoine au Nairobi akiandika jina la zamani, anayetafuta tafiti za Vachellia hataiona kazi yake. Tuandike Vachellia na Senegalia, ila kwenye vibao vya hifadhi na vitabu vya shule litangulie jina mgunga, kwa herufi kubwa, la kisayansi lifuate chini yake. Jina hilo hakuna mkutano ulio na mamlaka ya kulipigia kura.

Walimu wa biolojia, maafisa misitu, waongoza watalii: ninyi mnawaambia watu jina gani? Na anayeona kura ya Vienna ilikuwa ya haki, anijibu swali la kanuni ya mfano.