Mrejesho: viraka vya OpenBSD vimeingia

Wakuu, niliuliza kwa nini syspatch, amri ya kuweka viraka (marekebisho madogo ya programu) kwenye mfumo endeshi wa OpenBSD, haileti kiraka kipya kwenye seva yangu ilhali marekebisho ya usalama yametangazwa. Tatizo limepatikana: toleo langu lilishapitwa. OpenBSD hutoa toleo jipya takriban kila miezi 6, na viraka hutengenezwa kwa matoleo 2 ya karibuni tu. Kumbe ule ukimya niliouona ni usalama ulikuwa hatari yenyewe!

Nilihifadhi nakala ya mafaili, nikapanda kwa sysupgrade (amri ya kuhamia toleo jipya) toleo moja baada ya jingine, bila kuruka. Kisha syspatch -c ikaonyesha orodha ya viraka vinavyosubiri, nikaviweka vyote. Kimoja kiligusa keneli (kiini cha mfumo endeshi), hivyo nikawasha mashine upya. La sivyo keneli ya zamani ingeendelea kufanya kazi.

Asanteni sana, hasa aliyesisitiza nianze na nakala.