Prosesa haipunguzi masafa inapopata joto: nimekosea wapi katika mti wa vifaa?

Swali

Habari za kazi, wakuu. Ninaandaa faili la mti wa vifaa (device tree, maelezo ya vifaa vya bodi ambayo kerneli huyasoma) la bodi yenye prosesa ya ARM ya viini vinne (cores), ili kerneli ya Linux, yaani sehemu ya msingi ya mfumo, idhibiti joto lake. Nimeandika nodi ya `thermal-zones`, nikaweka kizingiti cha aina ya `passive` (cha kupunguza kasi) kwenye 85000 na cha `critical` (cha kuzima bodi) kwenye 100000, kisha katika `cooling-maps`, ramani inayounganisha vizingiti na vifaa vya kupoza, nikakielekeza kile cha kwanza kwa `cpu0`. Faili linapita bila kosa na joto linasomeka, lakini ndani ya `/sys/class/thermal`, saraka ambamo kerneli huonyesha mambo ya joto, ninaona `thermal_zone0` peke yake. Nikiipa kazi nzito, prosesa inang'ang'ania masafa (kasi ya mapigo) yaleyale ya juu mpaka bodi inajizima.

Jibu la kwanza

Inaelekea `cpu0` haijatangazwa kuwa kifaa cha kupoza, kwa sababu ramani peke yake haitoshi. Nodi ya prosesa sharti ibebe mstari huu:

`#cooling-cells = <2>;`

Mbili hiyo ni idadi ya namba zinazofuata jina la kifaa ndani ya ramani, yaani hatua ya chini na hatua ya juu ya upozaji ambazo kizingiti hicho kinaruhusiwa kutumia. Ukitaka kutoweka mpaka wowote, andika:

`cooling-device = <&cpu0 THERMAL_NO_LIMIT THERMAL_NO_LIMIT>;`

Wengi huzielewa hatua hizi kinyume. Kwa prosesa, hatua 0 ni masafa ya juu kabisa, maana yake hakuna upozaji, na kila hatua inayoongezeka huyashusha masafa.

Jibu la pili

Naafiki, ila nisingeishia kwenye `cpu0`. Kerneli inaposajili kifaa cha kupoza hutazama nodi ya kiini kinachobeba sera ya masafa (mipangilio ya kasi) ya kundi zima, na endapo viini vitawashwa kwa mpangilio mwingine, kiini hicho kinaweza kuwa `cpu2`, ambacho hukukiwekea kitu. Weka mstari huo katika viini vyote vinne, na uvitaje vyote katika ramani.

Umefanya vyema kuandika 85000, kwa kuwa kipimo ni sehemu moja ya elfu ya digrii ya Selsiasi. Mimi niliwahi kuandika 85 na prosesa ikabanwa tangu sekunde ya kwanza. Nikapoteza jioni nzima nikikilaumu kihisi joto.

Muulizaji

Ahsanteni. Nimeongeza mstari huo kwa viini vyote, na sasa `cooling_device0` kipo, `max_state` (hatua ya juu kabisa) ikisoma 5, yaani hatua 0 hadi 5, jambo linaloafikiana na masafa sita ya prosesa hii. Je, nikiongeza feni, niiweke kwenye kizingiti hikihiki cha `passive`?

Jibu la pili

Hapana, ipe kizingiti chake cha aina ya `active` (cha kuwasha kifaa cha kupoza kama feni) chini ya hicho, tuseme 65000, ili feni ianze kabla kasi ya prosesa haijaguswa. Nodi ya `pwm-fan`, yaani ya feni inayodhibitiwa kwa mapigo ya umeme, nayo huhitaji `#cooling-cells`, pamoja na `cooling-levels` inayoorodhesha nguvu ya kila hatua kuanzia 0 hadi 255.