Ati ngozi YANGU ndiyo feki! Huyu muuza hereni wa sikukuu ana roho gani?

Wakuu, naandika huku shingo inawaka kama nimevaa siafu. Jina simtaji. Mnamjua. Yule wa "hii haipauki, hata ukizikwa nayo utafufuka inang'aa". Ndiye huyo huyo.

Nilichukua seti nzima: hereni, mkufu, bangili. Mtoto nikampatia kinyago na mabawa ya malaika. Saa mbili tu! Masikio yamevimba, nikitikisa kichwa napata upepo. Shingo ina mstari wa kijani utadhani nimeota ukungu. Kinyago kinanuka kama tairi lililolala na mafuta ya taa, na mabawa yanapukutisha vumbi la kumetameta mpaka kwenye mashuka.

Nikarudi kwake kistaarabu. (Sawa, nilipiga kelele kidogo.) Mbele ya wateja AKANISHIKA SIKIO, akaligeuza kama anakagua mbuzi mnadani, akasema: "Dada, hereni haina shida. Ngozi yako ndiyo feki."

Ngozi yangu. Niliyozaliwa nayo. Feki.

Namuuliza hereni ina madini gani, ananijibu "madini ya kupendeza". Watu wakacheka. Hata mzee aliyekuja kuuliza njia akacheka. Ngozi yangu ndiyo feki, jamani!

Fundi_Shaba: Pole. Hicho kijani ni shaba imekutana na jasho, osha na sabuni kitatoka. Kinachovimbisha masikio mara nyingi ni nikeli, na mwili ukishaikataa hausahau tena maishani. Kinyago ni plastiki laini ya PVC, kama kinanuka hivyo usimrudishie mtoto usoni. Ila kuhusu ngozi, muuzaji kapatia nusu: si feki, ina ubaguzi.

Mleta uzi: Kwa hiyo na wewe uko upande wake?

Kobe_Mtulivu: Uzi bila picha ya sikio ni umbea.

MamaPacha: Chekeni tu. Mwaka 2006 kule Minnesota, Marekani, mtoto wa miaka 4 alimeza kidani cha bangili iliyotolewa bure pamoja na viatu. Akafa. Kidani kilikuwa karibu risasi tupu. Wangu kila kitu kinaishia mdomoni, mapambo ya hivyo hayavuki mlango wangu.

Kobe_Mtulivu: Risasi kwenye bangili? Ya bastola au ya bunduki?

MamaPacha: Risasi MADINI, we kobe! Ile iliyokuwa ikitiwa kwenye petroli na rangi za kuta. Ilipobanwa na sheria, vikaja vidani vya kadimiamu, madini mengine, nayo inaharibu figo.

Mleta uzi: Asante mama. Sasa mtu anauza vitu hivyo halafu ananishika sikio!

Jini_la_Saa_Sita: Afadhali wewe ulishikwa. Mimi nilichorwa piko, nikaambiwa ni "hina nyeusi ya asili". Hina ya asili gani nyeusi? Hina hutoa rangi ya chungwa mpaka kahawia. Ile ilikuwa dawa ya kutia nywele rangi nyeusi! Malengelenge yakafuata ua lote, petali kwa petali. Shemeji anasema sasa ndiyo limependeza zaidi, limeinuka.

Kobe_Mtulivu: Huyo shemeji ameoa?

Wigi_la_Moto: Mnalia na hereni? Njooni mvae wigi la sherehe lililonipata mimi. Nimekuna kichwa mpaka jirani kabisha hodi akidhani napiga mswaki sakafu.

Mleta uzi: RUDINI KWENYE MADA. Alinishika sikio!

Kobe_Mtulivu: La kulia au la kushoto? Picha tafadhali.

Jini_la_Saa_Sita: Hajaoa. Ila ana kelele.

Wigi_la_Moto: Kelele si tatizo, kama hachori piko.

MamaPacha: Samahani nje ya mada, hivi lile vumbi la kumetameta linatokaje kwenye mashuka?

Fundi_Shaba: Halitoki. Hameni.