Naomba ushauri: nimeenda na jicho, nimeulizwa habari za mkojo

Wakuu, habari zenu. Matusi tuyaweke pembeni kwanza.

Jicho langu la kulia lina wiki ya nne jekundu. Asubuhi kope zimegandana, mpaka nilikande na kitambaa cha maji ya uvuguvugu ndipo lifunguke. Nilidhani ni macho mekundu kama yale yaliyozunguka Dar mwanzoni mwa 2024, nikanunua matone duka la dawa. Chupa mbili, hola.

Juzi daktari kanivuta kope la chini, kamulika, kisha: "Ukikojoa unasikia kuungua?" Nikaduwaa. Ila kweli kauchungu kapo, nilikuwa nasingizia kutokunywa maji.

Majibu: klamidia, ugonjwa wa zinaa. Kaswende na VVU sina. Anasema mkono ukitoka huko chini ukagusa jicho, basi, na matone peke yake hayatibu, lazima vidonge. Kumbe nina nafuu. Maambukizi ya jicho ya kisonono hutoa usaha mwingi na inaweza kutoboa kioo cha jicho haraka.

Sasa shida yenyewe. Mke wangu ana mimba ya miezi saba. Mtoto anaweza kuupata machoni wakati wa kuzaliwa, hata mapafuni, kwa hiyo mke naye atibiwe mapema. Rafiki yangu anasema nigawane naye vidonge, nimdanganye ni vya UTI. Lakini nilivyopewa ni doksisaiklini, na daktari kasema mjamzito hapewi hiyo, ana dawa yake.

Waliowahi kupita hapa: mlianzaje kumwambia? Nimwambie nyumbani, au twende kliniki nesi aanze yeye?