Jarida la kidijitali linalosomeka na wenye ulemavu: tuanzie wapi?

Mhariri_SouthB ameuliza:

Hamjambo wanajukwaa. Ninafanya kazi katika kampuni ndogo ya uchapishaji hapa Nairobi, ambayo hutoa jarida la afya ya jamii mara moja kila robo mwaka. Tangu tuache kuchapisha kwa karatasi, jarida hutoka kama faili ya PDF ambayo wasomaji huipakua kwenye tovuti au kutumiana kwa WhatsApp. Majuzi msomaji mmoja asiyeona alituandikia kwamba simu yake, inapofika kwenye kurasa zenye safuwima mbili, husoma mstari wa kushoto kisha ikavuka hadi mstari wa kulia, hivi kwamba makala ya lishe na tangazo la kliniki husikika kama habari moja.

Wakuu wangu wanapendekeza tutoe "toleo la walemavu", yaani maandishi matupu yasiyo na picha wala majedwali, na jarida lenyewe libaki lilivyo. Pendekezo hilo halijaniridhisha, ila sina hoja ya kitaalamu ya kulipinga. Je, kuna linaloweza kufanywa kwenye faili yenyewe, tukiwa na msanifu kurasa mmoja na bila bajeti mpya? Na sheria inatutaka tufanye nini hasa?

Mwalimu_Kasarani amejibu:

Ndugu mhariri, ninakujibu kama msomaji asiyeona. Toleo la pembeni huanza kwa nia njema, lakini baada ya muda huchelewa kutoka, hupunguzwa kurasa, na likiwa na kasoro hakuna anayegundua kwa kuwa pale ofisini hakuna anayelisoma. Isitoshe, mnachotaka kuondoa ndicho tunachokihitaji. Chukua ratiba ya chanjo za watoto. Chanjo ya pentavalenti hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14, ilhali ya surua na rubela hutolewa akiwa na miezi 9 na 18. Jedwali likiwa limeundwa kwa kubonyeza nafasi mpaka tarakimu zikae sawa machoni, mimi husikia "sita, kumi, kumi na nne, tisa, kumi na nane" bila kujua ni wiki au miezi, wala ni chanjo ipi. Likiwa jedwali halisi, ambalo visanduku vyake vya vichwa vimetambulishwa kuwa vichwa, kisoma skrini, yaani programu inayosoma kwa sauti yaliyomo kwenye skrini, hunitajia jina la chanjo na umri kila ninapohama kutoka kisanduku kimoja hadi kingine. Mama asiyeona anahitaji ratiba hiyo kama mama mwingine yeyote.

Jambo la pili halitajwi sana, nalo ndilo linalonikera kuliko yote: lugha ya faili. Programu nyingi za usanifu huja zikiwa zimewekewa Kiingereza, na msanifu asipobadilisha, faili hutoka ikidai kuwa imeandikwa kwa Kiingereza. Hapo NVDA, ambayo ni kisoma skrini cha bure kinachotumika sana kwenye kompyuta za Windows, hufuata alama hiyo na kusoma Kiswahili chenu kwa sauti ya Kiingereza. "Mate" huwa silabi moja, "wale" vilevile, na baada ya aya mbili nimechoka kukisia. Sauti ya Kiswahili imo ndani ya programu hiyo tayari. Inachosubiri ni faili kusema kwamba lugha yake ni "sw", yaani Kiswahili.

Msanifu_Ngara amejibu:

Ninaungana na Mwalimu, na ninaongeza upande wa ufundi. Kazi karibu yote hufanywa kabla ya PDF kuzaliwa. Ikiwa msanifu wenu anatumia InDesign, programu ya kusanifu kurasa, kila kichwa, kichwa kidogo na aya vipewe mtindo wake wa aya, na kila mtindo uunganishwe na ngazi yake, ili kichwa cha makala kiwe kichwa ndani ya faili na si herufi nene tu zilizokuzwa. Kisha makala zipangwe kwenye kidirisha cha Articles kwa utaratibu unaokusudiwa kusomwa. Hapo ndipo tatizo la safuwima mbili linapotibiwa. Mwishowe mhakikishe kwamba faili inatolewa ikiwa na tagi, yaani alama zilizofichwa zinazoonyesha kipi ni kichwa, aya au jedwali. Kiolezo kikishatengenezwa vizuri mara moja, matoleo yanayofuata huongeza kazi ndogo tu.

Hata hivyo, kwa jarida linalosomwa zaidi kwenye simu, mimi ningeshauri mtoe pia EPUB, aina ya faili inayotumika kwa vitabu vya kidijitali. PDF imefungwa kwenye vipimo vya ukurasa, kwa hiyo mwenye uoni hafifu akikuza herufi hulazimika kusukuma ukurasa kushoto na kulia kwa kila mstari. EPUB inayojipanga upya huyapanga maandishi kulingana na upana wa skrini, na msomaji huchagua mwenyewe ukubwa wa herufi, rangi ya usuli na nafasi kati ya mistari, jambo linalowafaa pia wenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma. Shirika la DAISY hutoa bila malipo chombo kiitwacho Ace cha kukagua EPUB, na kwa PDF ipo PAC, nayo ni ya bure. Rangi nazo mziangalie: WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya maudhui ya wavuti yafikike na wenye ulemavu, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na usuli kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na yale maandishi ya kijivu juu ya rangi ya malai ambayo sisi wasanifu tunayapenda mno huanguka mtihani huo.

Ila chombo cha ukaguzi hutambua tu kwamba picha ina maelezo, yaani maneno ambayo kisoma skrini husoma badala ya picha. Hakiwezi kujua kama maelezo yenyewe yana maana.

Wakili_UpperHill amejibu:

Kwa ufupi kuhusu sheria. Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, breli au njia nyingine zinazofaa za mawasiliano, na ya kupata nyenzo za kushinda vikwazo vinavyotokana na ulemavu wake. Ipo pia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003, nayo inafaa wakili wa kampuni yenu aisome kikamilifu.

Wachapishaji wengi hukimbilia kuutaja Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Kenya ilijiunga nao 2017. Mkataba huo huruhusu taasisi zilizoidhinishwa kutengeneza nakala zinazofikika bila kuomba ruhusa ya mwenye hakimiliki. Haumlazimishi mchapishaji kutengeneza nakala hizo, na wala haumpi kisingizio cha kuwaachia wengine kazi. Zaidi ya hayo, unawahusu wasioona, wenye uoni hafifu na wengine wasioweza kusoma maandishi ya kawaida, kama vile asiyeweza kushika kitabu. Haukutungwa kwa ajili ya viziwi.

Mhariri_SouthB ameandika:

Ninawashukuru nyote. Mambo mawili yamebaki: maelezo ya picha yaandikwe na nani, na viziwi tuwafikieje, ikiwa tayari wanaona maandishi?

Mkalimani_NgongRoad amejibu:

Kwa viziwi wengi hapa nchini, lugha ya kwanza ni Lugha ya Ishara ya Kenya, nayo ina sarufi yake. Kiswahili cha maandishi ni lugha waliyojifunza darasani, mara nyingi kwa shida. Kwa hiyo makala muhimu, hasa zile za dharura za kiafya, ziwekewe video fupi ya lugha ya ishara, na video zozote mlizo nazo ziwe na manukuu yaliyosahihishwa na mtu. Mkalimani apewe makala mapema, maana istilahi za tiba zinahitaji maandalizi.

Mwalimu_Kasarani amejibu:

Maelezo ya picha yaandikwe na mwandishi wa makala, kwa kuwa ndiye anayejua picha iliwekwa kwa nini. "Picha ya mama na mtoto" hainisaidii. "Mama amemshika mtoto mapajani, kichwa cha mtoto kikiwa juu kidogo ya mwili, akimnywesha dawa kwa bomba lisilo na sindano kupitia pembe ya mdomo" inanifundisha la kufanya. Picha ya mapambo tu iwekewe alama ya mapambo ili kisoma skrini kiipite. Na kabla ya kutoa toleo jipya, mpeni huyo msomaji aliyewaandikia aipitie faili kwa simu yake, na mumlipe kama mnavyomlipa mhakiki mwingine.