Naombeni ushauri: niache kazi ya dei kea au nivumilie? (Mbeya)

Ticha wa Uyole: Habari zenu wakuu. Nafundisha dei kea hapa Mbeya, watoto nawapenda ila kazi imenishinda. Zamani tulikuwa wawili, mwenzangu akibadilisha pampasi mi nakoroga uji, mmoja akiamka hayuko sawa mwenzie anamshikia, siku inaenda. Tangu aolewe akahamia Makambako hajaletwa mtu, niko mwenyewe kuanzia saa 12 asubuhi na baridi hii mpaka mzazi wa mwisho aje, chooni naenda mbio, nikirudi home mwanangu akinisemesha tu nakereka. Nifanyeje?

Mkulima Njombe: Njoo huku tulime parachichi. Mi mwenyewe nilikuwa natempo shule flani nikaacha, sahivi chaki siikumbuki kabisa.

Mama Mapacha: Kulea ni wito mdogo wangu, thawabu yako iko kwa Mungu.

Sokomatola: Wito haulipi kodi ya nyumba. Ticha, sheria ya ajira ya 2004 inasema masaa 45 kwa wiki, yakizidi ni ovataimu. NSSF unakatwa? Mbane mwenye kituo alete msaidizi.

Ticha wa Uyole: Siwezi kumbana.

Sokomatola: Kwa nini? Funguka tukusaidie.

Ticha wa Uyole: Ni wifi yangu, na nyumba tunayokaa ni yake. Halafu kuna chumba nshalipia Ilomba, wazazi kadhaa wamesema watanifata. Sioni kama nimemwibia, watoto wamenizoea mimi, sio jengo.

Mzee wa Kabwe: Hii chai. Watoto kibao, uko peke yako, muda wa kutype yote haya umetoa wapi?

Ticha wa Uyole: Saa saba wanalala mkuu. Mmoja ana mafua nimembeba mgongoni, kamasi zote kwenye kanga, nikimshusha ataamsha wenzake.

Mzee wa Kabwe: Wifi, nyumba, chumba, vyote vimekuja ulipobanwa. Chai hiyo.

Mama Mapacha: Mzee hujawahi kushinda na watoto wewe. Wazazi tukifika jioni tunauliza mtoto kala? Ticha kama kala hakuna anayeuliza.

Sokomatola: Ticha, usipokee mtoto Ilomba kabla hujasajiliwa, Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka hivyo, anza kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Na wifi mpe notisi ya maandishi siku 28. Mumeo anajua habari za chumba?

Ticha wa Uyole: Bado, yuko Tunduma, nitamwambia akirudi. Ila mwenye nyumba keshachukua hela na kasema hairudi.