Mashine ya kusafisha hewa kwenye deikea: ninunue au niache?

MamaUyole

Wanajukwaa, habari za leo. Naendesha kituo cha kulelea watoto mchana hapa Uyole, Mbeya. Nina watoto 22 wa miaka miwili hadi minne. Wanashinda chumba kimoja cha mita tano kwa nne, na mchana wanalala humohumo, godoro limegusana na godoro. Wenyeji mnaijua Uyole ya mwezi wa sita na wa saba. Asubuhi ni chini ya nyuzi 10, dada walezi wanafunga kila kitu, na matundu ya hewa yaliyo juu ya dirisha yamezibwa kwa nailoni tangu enzi za mpangaji aliyepita. Mmoja akija na kamasi Jumatatu, Alhamisi chumba kizima kinakohoa. Juzi mtoto mmoja alilazwa kwa nimonia. Namshukuru Mungu ametoka, lakini sina amani.

Mzazi mmoja amependekeza tuchangishane tununue mashine ya kusafisha hewa. Nimeiona moja Mwanjelwa, laki tatu na nusu. Boksi linasema inaondoa asilimia 99 ya vijidudu, CADR ni mita za ujazo 120 kwa saa, na ina kitufe cha ioni. Wazazi wengine hawataki hata kusikia habari ya kufungua dirisha, wanasema baridi itawaingia watoto kifuani. Naomba jibu la mtu anayejua. Ndaga fijo.

Fundi_Kihesa

Kamwene mama. Mimi ni fundi wa majokofu na viyoyozi, Iringa.

Hiyo asilimia iache kwanza. Filta ya HEPA ya kweli, yaani ile ya kunasa chembe ndogo sana, inakamata asilimia 99.97 ya chembe za maikroni 0.3 (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), hilo ni kweli kabisa. Ila inakamata zile zilizopita ndani yake tu. Cha kuuliza ni mashine inatoa hewa iliyosafishwa kiasi gani kwa saa, na hiyo ndiyo CADR. Chumba chako, kama dari iko mita 2.8, kina mita za ujazo 56. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, tangu 2023 inashauri hewa ya chumba ibadilishwe au isafishwe angalau mara tano kwa saa, yaani kwako ni mita za ujazo 280 kwa saa. Mashine ya 120 inafika mara mbili na kidogo, tena ikiwa spidi ya mwisho. Spidi ya mwisho ina kelele, watoto wakilala mlezi ataishusha, utabaki na nusu ya hiyo mbili. Kwa hiyo hiyo ya Mwanjelwa, usinunue.

Kitufe cha ioni nacho kiangalie sana. Kinarusha chembe zenye chaji ya umeme hewani, na baadhi ya mashine za namna hiyo zinatoa gesi ya ozoni, ambayo inaunguza njia ya hewa. Mtoto mwenye pumu ndiye atakayeumia wa kwanza. Kama hakizimiki, iache hukohuko dukani.

Umeme usikutishe: wati 50 kwa saa nane ni uniti 0.4 za luku. Gharama iko kwenye filta. Kabla hujatoa hela, mwambie muuzaji akuonyeshe filta ya akiba, uishike mkononi. Akisema "tutaagiza", ondoka. Kwa vumbi la Uyole la kiangazi filta itajaa mapema, na filta iliyojaa haipitishi hewa.

NesiMakambako

Fundi amesema vizuri, ila mimi naanza na dirisha.

Mama, waite wazazi uwaeleze: nimonia inaletwa na bakteria na virusi. Msimu wa baridi tunajifungia, tunavuta pumzi za wenzetu kutwa, ndipo vinapoenea. WHO inapendekeza lita 10 za hewa safi kwa sekunde kwa kila mtu. Kwa watoto 22 hiyo ni karibu mita za ujazo 800 kwa saa, yaani hewa yote ya chumba chako ibadilike mara 14. Mashine haileti hewa mpya, inachuja ileile. Utafiti uliofanyika kwenye hospitali za Lima, Peru, uliotoka 2007, ulikuta vyumba vilivyofunguliwa milango na madirisha vinabadilisha hewa kama mara 28 kwa saa. Bure kabisa, bila luku.

Toa hiyo nailoni leo. Fungua madirisha upana wa kiganja siku nzima, na wazi kabisa watoto wakiwa nje kwenye uji. Wavae sweta, soksi na kofia. Magodoro yapishane, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule. Kagua kadi za kliniki: chanjo ya PCV (ya kukinga nimonia) wiki ya 6, 10 na 14, surua miezi 9 na 18. Na kuhara mashine haikuzuii, huko ni sabuni na mikono.

Nakuomba jambo moja kwa uzito wote. Kama mnaota jiko la mkaa humo ndani, litoke. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye mkaa, haina harufu na HEPA haiikamati hata kidogo.

KijanaTukuyu

Nyongeza tu: Helsinki, Finland, waliweka mashine kwenye deikea mbili, matokeo ya awali ya 2023 yakaonyesha kuugua kumepungua kwa karibu theluthi. Kwa hiyo zinasaidia zikiwa na nguvu ya kutosha.

MamaUyole

Nailoni imetoka, na mchana wote nimekaa chumbani na watoto. Baridi ipo, lakini hakuna aliyelia. Jiko letu liko banda la nje, haliingii. Tatizo dirisha ni moja tu, la aluminiamu la kusukuma, linafunguka nusu. Ukuta wa pili una mlango wa korido.

Fundi_Kihesa

Basi hewa inaingia, haina pa kutokea. Toboa juu ya mlango sentimita 60 kwa 30, weka wavu, na huko koridoni dirisha la mwisho lisifungwe. Mchango wa wazazi uanze na hiyo kazi pamoja na feni ya kutolea hewa. Ikibaki hela, ndiyo mtafute mashine ya CADR 280.